Walinipa Kilele cha Muwa

Nilisikia sauti yangu kabla sijafika mlangoni.

Na sikuwa nimefungua mdomo.

"Muwa mmoja shambani, walaji tuko wawili,
Tugawane kwa makini, tusilumbane kwa hili..."

Mimi niko nje ya darasa la sita, chaki mfukoni, midomo imefungwa. Ndani, spika inanighani kama marehemu.

Nikachungulia dirishani.

Ukutani, kwenye mwanga wa projekta, kulikuwa na mikono imeshika muwa. Kovu la panga kwenye kidole gumba ni langu. Lakini picha iliishia shingoni. Sura yangu ilikuwa imekatwa.

Mbele ya ukuta alisimama mwalimu Cleophas, rafiki yangu, amefunga tai nyekundu, anawaeleza wageni kutoka kaunti.

"Shairi nimetunga mwenyewe," alisema. "Sauti ni ya kijana mmoja wa hapa kijijini. Nilimwita tu anisomee."

Kijana mmoja wa hapa...

Wewe unayesoma, umewahi kuibiwa ukiwa unaangalia?

Huo ni mwaka ambao viwanda viligombania miwa mpaka trela zikakosa pa kupitia barabara ya Malava. Vijana wa rika langu walishika panga, wakakata miwa, wakanunua pikipiki. Mimi nilibaki darasani. Nilimaliza kidato cha nne, chuo sikwenda, ushairi nikajifundisha mwenyewe. Kazi nilipewa na senje wangu, dada ya baba, Madam Rosebella. Ndiye mwalimu mkuu.

Wenzangu walinicheka.

"Protus, hilo shairi linaingia kwa tangi ya pikipiki?"

Wacha wacheke. Watoto walioshindwa na nusu na robo kwa walimu wengine, kwangu walielewa.

Sitasema uongo. Nadharia alinipa Cleophas. Ana diploma. Siku moja tukinywa chai aliniambia, "Mtoto hajengi hewani. Anzia kwa kile anakijua, jipya alijenge juu yake."

Nikajiuliza, watoto wa hapa wanajua nini kuliko vyote?

Muwa.

Nikatunga shairi, nikaingia darasani na muwa begani. Cleophas akarekodi kwa simu yake. Tablet za shule zilikuwa zimelala kabatini zinaota vumbi. Tukaweka video humo, ili mtoto mzito wa kuelewa airudie mwenyewe, polepole, bila kuchekwa.

"Tutaituma kwa shindano la kaunti," Cleophas alisema. "Shule inapata tablet mpya. Mwalimu aliyeshinda analipiwa chuo."

Chuo... Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo.

Sasa nimesimama dirishani, namsikiliza akikila chuo changu.

Mkuu wa wageni, Madam Cherotich, aliinua mkono.

"Vizuri. Zima mashine. Tufundishie nusu kwa muwa wenyewe."

Cleophas akatabasamu. Akachukua muwa, akaupima kwa rula, akaweka alama katikati, akakata. Vipande viwili, urefu sawa kabisa. Kimoja akampa Erastus, kingine Priscah.

Priscah akakitazama, akakirudisha mezani.

"Mwalimu, hii si nusu."

"Ni nusu. Si umeniona nikipima?"

"Erastus umempa shina. Mimi umenipa kilele."

"Kilele tunapeanga ng'ombe," mwingine akasema kutoka nyuma.

Darasa zima likaangua kicheko.

Kama hukulelewa kwenye miwa, nikuambie. Utamu uko chini, kwenye shina. Juu ni maji tu. Ukimkatia mgeni kilele, umemtukana. Cleophas ni wa Lugari, mtoto wa mahindi. Na kile kipande cha video ambamo nilikuwa naupasua muwa, ndicho kilichokuwa na sura yangu. Alipokata sura, alikata na somo.

"Basi nusu ni gani?" Madam Cherotich akamuuliza Priscah.

"Mwalimu Protus aliupasua kwa urefu, kutoka juu mpaka chini. Kila mtu akapata shina, kila mtu akapata kilele."

"Mwalimu Protus ni nani?"

Senje, aliyekuwa amekaa nyuma, alinitazama kupitia dirishani. Akatikisa kichwa, polepole. Nilidhani ni aibu.

Nikaingia.

"Ni mimi. Sauti ni yangu, mikono ni yangu, shairi ni langu."

"Nadharia ni yangu na simu ni yangu," Cleophas akasema. "Wewe ulileta muwa na mdomo."

"Na wewe ulileta rula."

Watoto wakacheka tena. Hapo nilijiona nimeshinda.

"Sijaona somo zuri kama hili mwaka huu," Madam Cherotich akaniambia. "Nipe namba yako ya usajili wa ualimu."

"Sina."

"Ulisomea chuo gani?"

"Bado sijaenda..."

Akafunika kalamu yake.

"Asiyesajiliwa hashindani. Wala haruhusiwi kufundisha. Madam Rosebella, hili utakuja kulieleza ofisini."

Gari lao liliondoka na maboksi ya tablet bado yamefungwa ndani. Watoto walilisindikiza kwa macho mpaka likapotea kwenye miwa.

Nikamgeukia Cleophas. Ngumi ilikuwa tayari. Senje akaingia katikati.

"Muache. Mimi ndiye nilimwambia akate sura yako."

"Senje..."

"Wangekuona, wangeuliza. Nilitaka watoto wapate tablet, na wewe ubaki na darasa lako."

"Na chuo?"

"Hicho chuo hakikuwa chako tangu mwanzo. Ni cha waliosajiliwa."

"Ulijua, ukaniacha niote?"

"Ningekuambia ukae nje ya shindano, ungekubali?"

Nisingekubali. Damu ya kwetu anaijua.

Chukua hili kwangu, ndugu yangu. Mtu akikugawia haki, usiangalie urefu wa kipande. Uliza amekata upande gani. Nchi hii ina rula nzuri sana, na kwenye karatasi vipande vyote ni sawa. Wenye vyeti wanatafuna shina. Sisi tunapewa kilele, tunaambiwa hiyo pia ni nusu.

Nilimkuta Priscah langoni, macho mekundu.

"Mwalimu, ni mimi nimekuharibia?"

"Hapana. Leo wewe ndiye umesema ukweli."

Akatoa muwa nyuma ya mgongo. Ulikuwa umepasuliwa kwa urefu, vibaya vibaya, kwa meno na kisu butu.

"Hii ni nusu yako," alisema. "Ya kweli."

Nikaupokea kwa mikono miwili.

"Priscah, nisikie. Kesho nashika panga kama wenzangu. Nitakata miwa ya watu mpaka nijilipie chuo. Halafu nitarudi na namba yangu, nisimame mbele ya ubao ule ule, na siku hiyo hakuna atakayenikata sura. Nakuahidi."