Habari Iliyosikilizwa na Mtu Mmoja

Aliyetusimulia habari hii kwa mara ya kwanza ni Nadège, kwenye matanga ya babu Etabo, mwezi wa pili mwaka 2023, uani kwetu Baraka, wanawake wakimenya mihogo. Yale ambayo Nadège hakuyaona kwa macho yake tuliyapata baadaye kwa shangazi Solange, naye aliyapata kwa Adolphine mwenyewe. Pale Nadège na Solange walipotofautiana, tumemfuata Solange.

Adolphine na Nadège ni watoto wa dada wawili. Mwaka 2022 walikuwa darasa moja katika chuo kimoja cha Baraka, mwaka wao wa mwisho. Mwalimu wao wa utafiti, Bertin, alikuwa akishuka kutoka Bukavu kila baada ya wiki mbili. Muhula ule aliwafundisha namna ya kuwahoji watu waliokutwa na mambo yasiyoelezeka: waliosikia sauti, walioona wafu, waliotembelewa na majini ya ziwa. Hatuulizi kama ni kweli, alisema, tunauliza mtu ameyaishi vipi. Akawapa masharti. Omba ruhusa. Nasa sauti yote kwenye simu. Nendeni wawili wawili, mmoja aulize, mwingine aandike. Na msemaji akinyamaza, usimkatize. Ukimya nao ni jibu.

Mwisho wa muhula angechagua mwanafunzi mmoja wa kuendelea naye kwenye kazi kubwa huko Uvira. Adolphine aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Alishika masharti yote, daftari lake halikuwa na doa. Nadège hakushika hata moja. Alimkatiza kila mtu, alicheka, aliuliza bei ya samaki katikati ya habari ya msiba, na bado watu walimwaga mioyo yao mbele yake kama wanaotua mizigo. Bertin alisoma kazi za Nadège kwa sauti darasani. Kila aliposoma, Adolphine alitazama mikono yake mwenyewe.

Walikuwa wamepangiwa kumhoji Mama Pulchérie, mjane muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, aliyeishi nyumba ya mwisho kabla ya mchanga wa ziwa. Ilijulikana kwamba ana mtu wa maji anayemtembelea. Walipatana kwenda Ijumaa. Adolphine akaenda Jumatano, peke yake, saa nane mchana.

Mama Pulchérie alimkaribisha mkekani, kisha akatazama nyuma yake, mlangoni.

“Mwenzako iko wapi?”

Adolphine alijibu kwamba mwenzake anaumwa.

“Basi rudi siku atapona. Habari hii haisikilizwi na mutu mumoja, mwanangu. Lazima wa pili akae pale, akohoe, aulize bei ya ndagala, aikate. Bila vile inaingia yote kwa mutu mumoja.”

Adolphine aliijua desturi hiyo. Hakuna mtoto wa kwetu asiyeijua. Ndiyo maana habari za namna hii husimuliwa uani, mbele ya watu wanaotaniana. Lakini wa pili angekuwa Nadège. Akaiweka simu kati yao, akasema hiyo ndiyo wa pili.

“Telefoni haikohoake,” alisema mjane. Alimtazama yule msichana kwa muda mrefu. Halafu, kama mtu aliyebeba kuni toka mbali na kuona gogo la kupumzikia, akaanza.

Alikuwa akiosha mihogo iliyolowekwa, alisema, miaka kumi na moja iliyopita, akasikia jina lake likitamkwa chini ya maji kwa upole. Jioni ile sauti ikawa nyumbani. Ilikuwa ya mwanamume, na ilizungumza vizuri kuliko mwanamume yeyote aliyepata kumsikia. Alitaka kitu kimoja tu, asikilizwe. Wengine wakija, hata mtoto wake wa kuzaa, midomo yao ilicheza na mjane akasikia maji, hadi akajifunza kusoma midomo.

Kisha akanyamaza. Adolphine hakumkatiza. Alikaa kama alivyofundishwa, mgongo wima, kalamu imetua, na ukimya ukaendelea hadi kuku wakaacha kuparura nje, hadi harufu ya wavu mbichi ikapanda kutoka chini ya mkeka na mkeka wenyewe ukaanza kulowa chini ya magoti yake, na bado hakukohoa, maana aliwaza kwamba Nadège angekwisha kukohoa zamani, Nadège asingeweza hili, hili ni langu.

Mjane ndiye aliyestuka wa kwanza. Alijishika masikio, akainuka, akaenda mlangoni.

“Nasikia batoto,” alinong’ona. “Banacheza mupira.” Na akalia.

Kwenye daftari Adolphine aliandika: mwisho wa mahojiano.

Wiki iliyofuata Bertin alilisikilizisha darasa sauti ile iliyonaswa. Walipofika kwenye ukimya aliinua kidole ili pasiwe na hata mguno. Dakika saba, alisema baadaye, dakika saba na hakumkatiza. Hii ndiyo kazi niliyokuwa nangoja. Wote walikuwa wameinamisha vichwa wakiusikiliza ukimya, isipokuwa Adolphine. Yeye hakusikia ukimya. Kwa dakika zote saba alisikia mwanamume akizungumza naye taratibu kutoka ndani ya simu, akimwita kwa jina ambalo marehemu baba yake tu ndiye aliyemwitia, na kumweleza jambo moja kwa urefu.

Hakumwambia mtu. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu ambacho Nadège hakuwa nacho.

Walipotoka, Nadège alimshika mkono. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, “Ungeniambia tu. Ningekuya nikae kama kiti.”

“Kiti hakichekake,” alijibu Adolphine, na jibu lile likawa tamu mdomoni mwake siku nzima.

Utamu haukudumu. Alishuka Kazimia kuwahoji wavuvi wawili. Mmoja alifungua mdomo, na Adolphine akasikia maji yakigonga ubao wa mtumbwi. Aliomba arudie. Maji. Usiku ule alipoyasikiliza tena mahojiano yale kwenye simu, nako alipata maji tu, saa nzima. Darasani aliendelea kumsikia Bertin kwa siku chache, kisha Bertin naye akawa maji. Na kila watu walipokuwa wengi, harufu ya wavu mbichi ilipanda na ile sauti ikasema karibu na shingo yake: hao wanasema nini cha maana? Nisikilize mimi.

Asubuhi moja mama yake alisimama mlangoni na sahani ya bugali. Midomo yake ilicheza. Ilicheza tena, na Adolphine, akiwa ameketi kitandani na vidole vyake vikishika ukingo wa godoro, akaona kwamba mama yake analia na yeye binti hasikii kilio, anasikia mawimbi madogo yakija na kurudi, yakija na kurudi, kama mtu anayepumua usingizini, na ndipo alipoelewa kwamba hatapoteza nafasi ya Uvira tu, atapoteza kila sauti ya mtu aliye hai.

Aliyekuja siku ile alasiri alikuwa Mama Pulchérie. Yeye alisikika. Alisimama kizingitini bila kuvua kitambaa cha kichwa.

“Nirudishie,” alisema.

Adolphine alijifanya haelewi.

“Anakuambiaka ya asubuhi? Ile anasemaka mbele jua litoke?” Mjane aliingia hatua moja ndani. “Alikwambia kuhusu mama yake?”

“Wewe mwenyewe ulinipa.”

“Nilikuwa nimechoka. Mutu akichoka na bwana yake anapumuzika, hamutoi kwa jirani. We mutoto, hata kuchoka naye hujui.”

Solange, dada wa marehemu baba yake Adolphine, alikuwa jikoni na aliyasikia yote. Alimtoa mjane kwa heshima, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha akarudi, akanusa hewa ya chumba, akaandika kwenye karatasi, kwa kuwa sauti yake haikufika: Jumamosi. Uani. Nadège atakata.

Adolphine alitikisa kichwa. Solange akaandika tena: nani mwingine anajua kukata kama yeye?

Jumamosi walikaa kumi na mmoja, jua likiwa juu. Mjane hakualikwa. Solange alimwekea Adolphine karatasi ya mwisho magotini: sema yote, usibakishe hata neno, kipande kimoja kikibaki, ni yeye mzima amebaki.

Adolphine alianza na mihogo. Nadège akakohoa, akauliza ndagala ni franka ngapi leo. Adolphine aliona mdomo tu, lakini watu wote walicheka, na mara akasikia kuku. Akaendelea. Nadège akataja viatu vya Bertin, vyenye ncha kama mtumbwi. Akasikia mtoto wa jirani. Akasimulia mkeka uliolowa, Nadège akapiga chafya ya uongo mbaya kabisa, na kupitia kicheko Adolphine akamsikia mama yake akisema, “Mutoto wangu.” Akalia, akaendelea. Kila kilipokatwa kipande, harufu ilirudi nyuma, kwanza hadi ukutani, halafu hadi kwenye ua.

Kikabaki kipande kimoja: yale ya dakika saba.

Wote waliinama mbele. Adolphine alimtazama Nadège. Uso wake ulikuwa wazi, umejaa huruma, mdomo umeshafunguka nusu kwa ajili ya mzaha. Akawaza: hiki nacho atakichukua. Kesho atakisimulia, naye atakisimulia vizuri kuliko mimi.

“Imeisha,” alisema.

“Yote?” aliuliza Solange.

“Yote, shangazi.”

Solange akamwaga maji mlangoni, wakala.

Kwamba haikuwa yote, Adolphine alimwambia Solange miaka miwili baadaye, alipokuwa akimuuguza. Kipande chenyewe hakukisema, na Solange hakukiuliza, kwa kuwa walikuwa wawili tu chumbani.

Mama Pulchérie alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule wa 2022. Waliomkuta wanasema alikuwa amejipamba, amevaa kitenge kipya, amekaa akielekea mlangoni. Solange alifariki mwaka 2024. Bertin yu hai, yuko Bukavu. Nadège yu hai. Ndiye aliyekwenda Uvira, na ana watoto wawili. Adolphine yu hai. Hakuolewa. Masikio yake ni mazima, sauti zote anazisikia. Ukimsalimia hujibu, ila baada ya kitambo, kama mke anayeomba ruhusa kwanza.