Sweta ya Tatu

Una watoto wangapi?

Jibu hapo hapo, usihesabu kwa vidole. Umeona? Swali jepesi. Na mimi nilikuwa nikilijibu kwa wepesi huohuo, mpaka wiki ile tuliyokuwa tukijiandaa kwenda likizo milimani.

Wawili. Wa kwanza msichana wa miaka tisa, tunamwita Wakili kwa sababu hajawahi kupewa hukumu asiikatie rufaa. Wa pili mvulana wa miaka mitano, Kifurushi, kwa sababu ukimbeba anajikunja na kukuachia uzito wote.

Safari ilikuwa wazo langu. Nafundisha takwimu chuoni. Mwaka mzima nilikuwa nimeangalia namba, na nyuso za watu wanaozichukia, nikatamani kuangalia kitu kirefu kisichohitaji kusahihishwa. Mume wangu hakutaka. Yeye ni fundi wa lifti, anashinda ndani ya mashimo marefu yenye giza na wala halalamiki, lakini nilipotaja mlima akaweka kijiko chini.

"Huko kuna nini?" aliniuliza. "Mawe na mafua."

"Kuna hewa."

"Na hii unayovuta ni nini, supu?"

"Baba anaogopa mlima," Wakili akasema.

"Siogopi. Sipendi baridi."

"Tofauti yake ni nini?"

Tukapiga kura, akashindwa tatu kwa moja. Usiku ule nikamsikia akigeukageuka kitandani. Nikajua kanuna. Mwanamume akishindwa na mtoto wa miaka mitano kwenye kura, lazima anune.

Nilijua mambo mawili tu kuhusu utoto wake. Kwamba aliishi sehemu ya baridi kwa muda, baba yake akiwa mfanyakazi wa misitu. Na kwamba alikuwa na dada mdogo aliyekufa maji. Hilo la pili alinieleza mara moja, kwa sentensi moja, akiwa amenipa mgongo. Sikuchokonoa. Kidonda cha mtu hukiombi kifunuliwe ili uone rangi yake.

Sasa, nyumba niliyoipenda kule mlimani ilikuwa na vyumba vitatu na mahali pa kuwashia moto. Lakini wenyewe waliitoa kwa familia yenye watoto watatu au zaidi. Wenye wawili walipangiwa vibanda vya nyuma, karibu na jenereta. Nikaganda mbele ya fomu yao ya maombi kwenye simu. Mimi, ninayemrudishia mwanafunzi kazi nzima kwa kosa la kutunga jibu moja la dodoso.

Nikaandika: watatu.

Fomu ikataka majina na umri. Mapajani mwangu kulikuwa na kofia ya sufu, ndogo, nyekundu iliyopauka. Nilikuwa nimeikuta kwenye sanduku la mume wangu nikitafuta nguo za baridi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu. Ndani ya kofia, kwenye kitambaa, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa mtoto anayebana ulimi kwa meno: KITONE.

Nikacheka. Kumbe fundi mzima wa lifti aliwahi kuitwa Kitone. Nikaliingiza kwenye fomu. Kitone, miaka sita. Nikabonyeza tuma.

Kofia nikairudisha mahali pake. Lakini mafundo sikuyafunga.

*

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, jua likiwa linazama, nikaenda kuchukua sweta za watoto kwa Mama Nyuzi.

Mama Nyuzi anafuma chini ya ngazi za jengo la jirani, kwenye chumba kinachotosha kiti, taa na yeye. Hatumii futi. Anasema futi inapima nguo, uzi ndio unaopima mtu. Kila mtoto anamkatia uzi wake, anaupitisha toka shingoni hadi kiunoni, toka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, na kila kituo anafunga fundo. Halafu anautundika msumarini. Wanangu aliwapima wiki mbili nyuma, mimi nikiwa nimesimama palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Wakili. Umechelewa, nilitaka kufunga." Akainama, akatoa mfuko. "Zako hizi. Zote tatu."

"Mbili, mama."

"Tatu."

"Mimi nina watoto wawili. Nilikuwepo wakati wanazaliwa."

Hakucheka. Kwa kawaida hucheka mpaka sindano zinaanguka. Akanyoosha kidole ukutani.

Nyuzi zilikuwa tatu.

"Wa tatu alikuja mwenyewe," akasema. "Jumanne, muda kama huu. Alisimama hapo mlangoni. Nikamwambia ingia, mwanangu, mbona unatetemeka? Akaingia. Nikampima. Nikamuuliza mtoto wa nani, akakutaja wewe."

"Watoto wa mtaani, mama. Wanapenda mchezo."

"Ndivyo nilivyofikiri. Nikamuuliza jina. Akasema jina lake limeshaandikwa."

Nje pikipiki ilipita. Mama Nyuzi akashusha sauti, kana kwamba ule ukuta nao ni jirani.

"Hebu ushike huo uzi."

Nikaushika.

Ulikuwa umelowa. Si unyevu. Umelowa... na ulikuwa wa baridi kama kitu kilichotoka kwenye barafu. Nikanusa vidole vyangu. Ukungu wa mawe. Majani yaliyooza. Hapa mjini mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili.

"Tangu Jumanne," akanong'ona. "Nimeuanika juani. Nimeuweka juu ya jiko. Haukauki."

Mimi ni mtu wa sababu. Nikatafuta sababu. Bomba linavuja, ukuta unatoa maji, mama wa watu kazeeka. Nikamwambia abaki na sweta ya tatu, atapata mtu wa kumpa. Akanisukumia mfuko mikononi kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo.

"Nguo ya mtu hailali kwangu mwenyewe akiwa ameshaijua. Ichukue. Na kama umeita mtu, mama, mpokee. Kama hukumwita, tafuta aliyemwita."

Nikarudi nyumbani kwa haraka. Sikukimbia. Mtu mwenye shahada mbili hakimbii kwa sababu ya uzi.

Nyuma yangu, kwenye vigae vya njia ya jengo letu, nilisikia viatu vyangu. Tap, tap. Na nyuma ya viatu vyangu... miguu isiyo na viatu.

Sikugeuka.

*

Mume wangu alikuwa sebuleni, amepiga magoti mbele ya begi kubwa, anakunja suruali za watoto kwa mistari kama anayetengeneza ramani. Nilitoa sweta moja baada ya nyingine, nikazilaza juu ya kochi. Ya bluu, ya Wakili. Ya kijani, ya Kifurushi. Kisha ile nyekundu.

Akaacha kukunja.

"Hiyo ya nani?"

"Mama Nyuzi anasema mtoto wetu wa tatu alikwenda kupimwa." Nilitaka isikike kama mzaha. Sauti ikanisaliti. "Anatetemeka baridi, anasema jina lake limeshaandikwa. Sasa, kabla hujaniuliza, nakiri. Kwenye fomu nilidanganya. Nilisema watatu ili tupate ile nyumba."

"Ukaandika jina gani?"

Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza una akili wewe. Aliuliza jina.

"La kwako la utotoni. Nimelikuta kwenye kofia."

Akakaa juu ya begi. Zipu ikalia chini yake.

"Sio langu," akasema.

"La nani?"

Hapo ndipo Wakili akatokea mlangoni, mikono kiunoni, kama siku zote anapoleta kesi.

"Mama, Kifurushi hataki kutoka. Mchezo umeisha na yeye hatoki."

"Mchezo gani?"

"Kujificha."

"Basi mtafute, si ndio mchezo wenyewe?"

"Nimetafuta. Yule ndiye amemficha."

"Yule nani?"

Wakili akanitazama kama naharibu muda wa mahakama. "Yule mwenye baridi. Alikuja jana pia. Amemwambia Kifurushi asitoke hata aitwe vipi, mpaka aitwe kwa jina la siri."

"Jina gani?"

"Si amesema la siri."

Nyumba yetu ina vyumba viwili, sebule, choo, jiko na korido yenye kabati la ukutani la mablanketi. Mtoto wa miaka mitano hana pa kujificha zaidi ya dakika moja. Nikaangalia chini ya vitanda. Nyuma ya milango. Ndani ya pipa la nguo chafu. Nikafungua kabati la korido: mablanketi. Nikamwita jina lake la kuzaliwa, jina la shule, Kifurushi, mwanangu, baba, mpenzi wa mama.

Kimya.

Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa ndani na ufunguo uko juu, hafikii. Madirisha yana nondo. Nikafungua kabati tena, nikatoa mablanketi yote, nikayamwaga sakafuni, nikapapasa mbao za nyuma kwa viganja. Mbao kavu. Nikalifunga.

Kutoka humohumo, nikasikia mtu akizuia kicheko.

Alikuwa Kifurushi. Nakijua kicheko cha mwanangu. Lakini kilitoka mbali... kama mtu aliye chini ya kisima.

Nikafungua. Patupu. Nikaingiza mkono. Baridi ikanipanda hadi kwenye kwapa, na ile harufu. Ukungu wa mawe. Majani yaliyooza.

"Mwite," nikamwambia mume wangu. Alikuwa amefika mwanzoni mwa korido, ameshika ukuta. "Wewe ndiye unayelijua hilo jina la kwenye kofia. Mwite."

"Mama Wakili..."

"Sitaki maelezo. Nataka mwanangu."

"Sijalitamka kwa miaka thelathini."

"Leo ni siku nzuri."

Wakili alikuwa ameacha kuwa wakili. Alikuwa ameshika pindo la gauni langu kwa mikono miwili, kama alipokuwa na miaka mitatu. Nikafunga mlango wa kabati, nikasogea pembeni.

Mume wangu akatembea ile korido ya hatua sita kama anayepanda kilima. Akapiga magoti. Akaweka paji la uso kwenye mlango.

"Kitone," akanong'ona. "Toka. Nimekuona."

Taa ya korido ikafifia, ikarudi.

Kabati likagongwa kwa ndani.

Mara moja.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mkono ukatoka, mkono mdogo wenye kovu la pasi kwenye kidole gumba, mkono wa mwanangu, nami nikaudaka kabla sijafikiri. Nikavuta. Haukuja. Kuna aliyekuwa ameushika mwingine. Hakuvuta kwa ubaya. Alivuta kama mtoto anavyovuta nguo ya mama yake anayeaga, na hakuwa na mpango wa kuachia.

"Baba." Sauti ya Kifurushi ilikuwa ya usingizi. "Anauliza mbona hukurudi."

Mume wangu akafunga macho.

"Mwambie nilirudi. Mwambie tulimtafuta siku tatu, kila mtu alimtafuta, mtoni kote..."

Ule mkono ukavutwa ndani hadi kwenye kiwiko. Bega langu likagonga mlango.

"Anasema yeye hakuwa mtoni," akasema Kifurushi.

Nikamtazama mume wangu. Naye akanitazama. Miaka kumi na moja tumelala kitanda kimoja, na ile sura sikuwahi kuiona. Sura ya mvulana aliyekatazwa jambo.

"Sema," nikamwambia. "Chochote ulichonacho humo ndani, kitoe sasa."

Akasogeza mdomo kwenye ule upenyo, akaacha kuongea na sisi.

"Tulikatazwa kwenda machimboni. Baba alisema atakayeonekana kule atamchapa. Mimi ndiye niliyekupeleka. Mimi ndiye niliyesema ingia kwenye lile shimo, usitoke hata uitwe vipi, mpaka nikuite Kitone."

Ule mvuto ukalegea. Kidogo. Kiwiko kikarudi upande wangu.

"Ukungu ukashuka. Nikasikia njaa. Nikasema nitarudi nikishakula."

Mkono mzima. Bega. Nywele za mwanangu zikatokea mlangoni, zimelowa chapachapa. Juu yake kofia nyekundu.

"Wakaniuliza uko wapi. Baba alikuwa ameshika fimbo, nikasema umeelekea mtoni. Wakaenda mtoni. Walikuita kwa jina lako la nyumbani usiku kucha, na mimi nilikuwa nimelala, nasikia..."

Alikuwa analia, lakini bila sauti, maji tu yakishuka. Nikamvuta Kifurushi kifuani kwangu, mzito, amejikunja. Nyuma yake, ndani ya giza la kabati, kitu kidogo kilikuwa bado kimesimama, kinangoja sentensi ya mwisho. Mume wangu akaitoa.

"Nilijua ulipo," akasema. "Siku zote tatu walizokutafuta, nilijua ulipo."