Nusu ya Aibu

Mwongozaji wa filamu hakuwa na gari, hakuwa na subira, hakuwa na nywele utosini, na tangu jana jioni hakuwa na mke. Kubwa kuliko yote, hakuwa na haya. Ndivyo mkewe alivyomwambia alipomwona amesimama mlangoni mwa chumba cha uhariri.

Mkewe ndiye aliyekuwa mhariri wake. Waigizaji walimpachika jina la Mkasi, kwa sababu hakumsaza aliyejipenda mno mbele ya kamera. Alikuwa akikunja nyaya za kompyuta na kuzitia mkobani.

"Unakwenda wapi na mashine?"

"Kwa dada. Mashine ni yangu. Filamu baki nayo."

Filamu yenyewe ilikuwa ya harusi, vichekesho vya watu wazima. Shangazi anafundisha mambo ya chumbani kwa kutumia mwiko, mashemeji wananyang'anyana chupa, mpambe anatoweka na mume wa mtu. Bwana harusi kazi yake ni kupiga video za harusi za wengine, na usiku wa harusi yake anauogopa kuliko kaburi.

Jana walikuwa wameionyesha kwa majaribio mbele ya ndugu na majirani. Mkasi alikaa kando ya mama mkwe wake, ametulia, maana kila kipande kilipita mkononi mwake. Kumbe mumewe alikuwa amechomeka kimoja kwa siri. Ukoo mzima umebandika masikio mlangoni, na bibi harusi anasikika ndani akisema kwa sauti ya kuchoka, "Rudia. Na mara hii usiogope."

Maneno hayo Mkasi aliyasema mwenyewe, usiku wa harusi yake, kwa mumewe, wala hapakuwa na mtu wa tatu.

"Watu walicheka," Mwongozaji alisema. "Tena ndipo mahali pekee walipocheka."

"Wanaume walicheka. Wanawake walitazama vidole vyao vya miguu. Mama yako alisema mwanamke yule hakulelewa."

"Mama hajui kuwa ni wewe."

"Mimi najua."

Akajitetea kwa kirefu. Filamu ya namna ile haitaki heshima, alisema, inataka matusi, na tusi la kweli ndilo bora. Kila msanii huiba nyumbani kwake. Mkasi alimwacha amalize, kama mtu anavyomwacha mlevi amalize wimbo.

"Matusi siyaogopi," akasema. "Nani alimpa shangazi ule mwiko? Mimi. Lakini nisikilize, mume wa hasara wewe. Filamu ya aibu ni kama kuoga mtoni. Wote mkivua, ni mchezo. Ukimvua mmoja, wengine mkasimama ukingoni na suruali zenu, hiyo ni dhuluma. Shangazi umemvua, mashemeji umewavua, mpambe hana hata kitambaa. Mbona bwana harusi peke yake amevaa mpaka tai?"

Mwongozaji alikuwa akiutazama mkoba.

"Kwa nini nilikuambia urudie? Ulisema nini kabla yake?"

"Hilo halina haja."

"Basi usinitafute mpaka watu walisikie neno lako hilo."

Akaondoka. Mwongozaji akaanza kumtumia ujumbe wa simu. Kwanza wa kubembeleza, naye akajibiwa, "Mzuri. Huu nao utauweka kwenye filamu?" Kisha wa kejeli: "Bila mimi ungekuwa bado unahariri matangazo ya sabuni." Jibu likaja: "Sabuni husafisha."

Filamu ikakwama. Alijaribu kuihariri mwenyewe, na kila alipokifikia kile kipande alicheka kidogo kuliko mara iliyotangulia, mpaka kicheko kikamwisha. Hapo akakiona walivyokiona wanawake: mwanamke anayemkejeli mumewe bila sababu. Kichekesho kilikuwa kimekatwa mizizi, na aliyeikata ni yeye.

Akawaita waigizaji warudi, wapige upya tukio lile kwa kuongeza neno moja tu. Mwigizaji wa bwana harusi alipoambiwa neno lenyewe alianguka kitandani kwa kicheko, kisha akauliza limetoka wapi. Mwongozaji akasema kwa rafiki yake.

"Rafiki yako huyo bado ana mke?"

"Bado hajajua."

Onyesho la pili lilikuwa ukumbi ule ule. Mkasi alikuja na dada yake, akakaa nyuma, mkoba mapajani. Tukio likafika. Taa ya chumbani ikazimwa, ukoo ukabandika masikio mlangoni. Mara bwana harusi, hofu imemjaa na mdomo umeizoea kazi ya kamera, akasikika akiamuru, "Kata."

Na bibi harusi, kwa kuchoka: "Rudia. Na mara hii usiogope."

Wanawake ndio waliotangulia kucheka. Mama mkwe alijipiga paja, akafuta machozi kwa kiganja. "Maskini binti wa watu," akasema. "Na huyo mwoga ni mtoto wa nani?"

Mwongozaji akasimama, mwanga wa picha ukampiga usoni.

"Wako, mama."

Vichwa vyote vikamgeukia. Kisha kicheko kikaja mara ya pili, kizito zaidi, na safari hii kilikuwa cha kumcheka yeye peke yake. Hakukaa chini wala hakujificha. Alisimama pale mpaka kikaisha.

Mkasi hakucheka. Mumewe alimfuata mpaka getini.

"Umeridhika?"

"Sijaridhika. Hasira imepungua, na iliyobaki inatutosha mwaka mzima."

"Utarudi?"

"Nitakuandikia. Kwa karatasi."

Dada yake alimuuliza kwa nini asipige simu kama watu. Mkasi akasema ya simu ameshayasema yote, akaketi mezani akaandika:

"Nitarudi Jumapili. Sijakusamehe. Narudi kwa sababu ulisimama. Kipande cha shangazi ni kirefu, nitakipunguza. Na siku utakayolisema tena neno lile chumbani mwangu, utalala sebuleni. Barua hii usiitie kwenye filamu."

Akaikunja, akalamba bahasha, akaigandamiza kwa ngumi kama anayemwadhibu mtu. Kisha akatembea mpaka posta na kuitumbukiza.