Gurudumu la Malo

Kila Jumapili asubuhi, jikoni kwa kina Azenor kulinukia siagi na mafuta ya cheni. Mama alikaanga chapati nyembamba, baba alijaza matairi upepo, na Azenor, mwenye miaka kumi na mitatu, aliifuta baiskeli yake hata pasipoonekana. Jumapili hii aliifuta mara mbili. Mshindi wa mashindano ya siku hiyo angeingia timu ya watoto ya Bretania, jimbo lao la Ufaransa.

Kijijini kwenye mashindano, mwamuzi, Bi Kerdoncuff, alikagua gia. Watoto hawaruhusiwi gia nzito, kwani huumiza magoti. Aliirudisha kila baiskeli nyuma mpaka pedali izunguke mara moja. Gurudumu likivuka mstari wa chaki, gia ni nzito mno, hushindani. La Azenor halikuufikia.

"Haya, pita, mwanangu."

Dakika tano kabla ya filimbi, pssss! Tairi la nyuma! Azenor alikimbilia gari la baba, akachomoa gurudumu la akiba la kaka yake Malo, ambaye hushindana na wakubwa, akalifunga haraka haraka.

Filimbi ikalia.

"Kula vumbi, konokono!" alipiga kelele Solenn, mpinzani wake.

"Utalila wewe!"

Kwenye mteremko wa kanisani wenzake walizungusha miguu kama wanaosaga kahawa. Azenor aliizungusha taratibu, na bado akawapita wote! "Kaza, Azenor, kaza!" watu walishangilia. Akavuka wa kwanza, mikono juu, akicheka peke yake.

Aliposhuka ndipo alipolitazama gurudumu. Gia ya Malo! Gia ya wakubwa!

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. "Mshindi hukaguliwa tena, lakini chaki imefutika," alisema Bi Kerdoncuff. "Nilikukagua asubuhi, yatosha. Kachukue maua yako."

Hakuna ambaye angejua. Lakini pale kando Solenn, aliyefika wa pili, alikuwa akilia ndani ya kofia yake.

"Bi, gurudumu hili si langu," Azenor alisema. "Nililibadilisha baada ya ukaguzi. Lina gia nzito."

Jina lake likafutwa, maua akapewa Solenn. Azenor alilia garini mwa Kocha Goulven wa klabu yao, ambaye zamani alikuwa mwanabaiskeli wa kulipwa.

"Unaijua picha yangu ya klabuni, ile ya ushindi wa milimani?" kocha aliuliza.

"Nani asiyeijua?"

"Siku ile kulikuwa na ukungu. Nikashika dirisha la gari la timu, likanivuta mpaka karibu na kilele. Hakuna aliyeona. Miaka kumi na mmoja niliwabebea wenzangu maji, nikavunjika bega mara tatu, nikashinda mara moja, hiyo tu. Na sijaifurahia hata siku moja."

Azenor hakujua mtu mzima anaweza kuona haya namna hiyo.

Wiki mbili baadaye ikashindaniwa nafasi ya mwisho ya timu. Azenor alipanda na gurudumu lake mwenyewe, miguu ikizunguka mpaka ikawaka moto, huku Solenn, aliyekwisha kuingia timu, akimpigia kelele kando ya barabara: "Kaza, konokono, kaza!" Azenor alishinda kwa upana wa kiganja.

Jioni hiyo, klabuni, picha ya kocha ya milimani haikuwepo. Kwenye msumari wake ilining'inia picha ya Azenor, matope mpaka puani. Kocha alikuwa ameshawaeleza wote kwa nini aliiondoa yake.

"Ushindi ambao huwezi kuusimulia wote bila kuficha si wako," alisema. "Haya, Azenor, tusimulie wako. Anzia mwanzo, usiruke kitu."