Jicho Kwenye Mkeka

Kwa Waborana, nyumba hujengwa na mwanamke, na Qabale alijua kujenga. Lakini vita vya Shifta vilipochacha kaskazini mwa Kenya, serikali iliwakusanya watu wa Garbatulla kwenye kambi iliyozungushiwa waya. Nyumba zilipangwa zikabanana, mgongo wa hii kwenye mlango wa ile. Mikeka iliyofunika nyumba ya Qabale ilianza kutoboka, na mipya angeitoa wapi?

Humo kambini alimzaa Doyo. Kila jioni alioga, kisha akajifukiza moshi wa kuni za kunukia, kama wanavyofanya wanawake wa kwao wakishajifungua. Jioni moja aliona jicho kwenye tundu la mkeka. Lilikuwa la jirani yao, Dabaso.

"Nyamaza," mumewe Huka alimwambia. "Watu wakijua umeonekana uchi, tutaweka wapi nyuso zetu?"

Qabale akanyamaza. Akaacha kujifukiza, akaacha hata kuoga. Kidonda cha uzazi kikaoza, homa ikamlaza, maziwa yakakauka. Doyo akafa. Hapa mimi hushikwa na hasira: aliyekosa alikuwa akitembea kambini kifua mbele.

Kagendo, mkunga Mmeru wa zahanati ya kambi, alikuja kumtibu.

"Pole, mama. Mbona hukuwa unaoga?"

Qabale alilia, akaeleza yote. Kagendo akamgeukia Huka.

"Kwa nini hamkusema?"

"Ni aibu yetu, sista."

"Si yenu hata kidogo. Mahali mwanamke anapojisitiri ni faragha yake. Mtu akimchungulia ili kumvunjia heshima, hilo ni kosa la jinai. Anashtakiwa, anaweza kufungwa."

"Hata humu ndani ya waya?"

"Hata humu. Nendeni polisi, mseme mliyoyaona."

Huka alikwenda. Mahakamani Qabale alisimama, akasema yote. Dabaso akafungwa miezi sita. Wanawake wengine wawili wakajitokeza, nao walikuwa wamechunguliwa na kunyamaza.

Qabale alishona lile tundu. Jioni akaweka makaa kwenye shimo lake la kujifukizia, akashika shuka ili aivue, kisha akaiacha.

"Huka, naogopa."

Huka alitoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akaupa mkeka mgongo.

"Nipo hapa," alisema. "Ilinipasa nisimame hapa tangu siku ile."

Qabale akavua shuka. Baadaye moshi ulianza kunukia. Huka alibaki pale akilia, mpaka mkewe akamaliza.