Aliyeua Joka Akanyimwa Upanga

— Maître, sema basi! Upanga wa Moto ni wa nani? akauliza Luc.

Evariste aliigeuza kadi mkononi. Juu ya meza ya kukatia vitambaa, katika atelye ya Luc fundi cherehani, kule Ndosho, mtaa wa Goma, dadu zilikuwa bado zimelala pale zilipoangukia.

Kila Jumapili baada ya misa watu wanne walikutana hapo kucheza mchezo wa mashujaa. Evariste ndiye aliyeitwa Maître: anasimulia mapango na majoka, wenzake wanasema watafanya nini, dadu inaamua. Vitu vya uchawi anavigawa yeye, kila kimoja kimeandikwa kwenye kadi ya katoni ya sabuni. Na meza yao ilikuwa na sheria moja: Maître akikupa kitu, anasimama na kusema mbele ya wote kwa nini amekupa wewe.

Siku hiyo joka liliuawa na Igihozo, binti aliyeketi mbele ya Evariste. Dadu yake ilipoonyesha ishirini, namba ya juu kabisa, Luc aliruka mpaka akaangusha mkasi. Hata asiyejua mchezo angejua upanga ni wa nani.

Evariste akasimama.

— Upanga ni wa… Ernestine.

— Mimi? akauliza Ernestine, dada yake mkubwa. Mimi niliyelazwa na sumu tangu mlango wa pango?

— Njo hivyo, yaya. Ulivumilia.

— Kuvumilia tu? akadakia Luc. Basi mimi nipe ufalme muzima, niko na mama mukwe ndani ya nyumba!

Alicheka peke yake. Igihozo alikuwa anakunja karatasi yake, pole pole, kona kwa kona.

— Miezi nane tunacheza, akasema. Luc ana ngao. Ernestine ana pete, ana fimbo, sasa ana upanga. Mimi niko na kamba. Kamba ya kufungia mbuzi.

— Igihozo, ni mchezo tu, akasema Evariste.

— Nimekuuliza ni nini?

Simu ya Evariste ikatetemeka. Akaichungulia chini ya meza. Ujumbe ulitoka kwa Igihozo, aliyeketi mbele yake na simu mapajani:

"Leo saa kumi na moja papa yangu anamupa Jephté jibu la posa. Ameniuliza kama kuna mutu mwingine. Niseme nani? Ukinyamaza, nitaitika."

Mwaka mzima walikuwa wamependana kwa kujificha. Hata sokoni Kituku, kwenye samaki, kila mmoja alitembea upande wake kama watu wasiojuana. Mama yake Evariste, aliyekaa Butembo, alikuwa na neno moja: bibi utakayemuoa atatoka kwetu Wanande, si kwa watu wa Rutshuru; na Igihozo ni wa huko. Na Ernestine alikuwa macho ya mama hapa Goma. Ndiyo maana hata kadi ya katoni Evariste aliogopa kumpa Igihozo: angesimama kusema kwa nini, na sauti ingemwaga yote. Akajidanganya kwamba ni haki, kwamba Maître mwema hapendelei.

Akaandika: "Nipe wiki moja tu."

Jibu likarudi: "Wiki zangu zote nilikupa."

Igihozo akasimama, akakaza kitenge.

— Luc, asante kwa kiti. Mimi nimeuacha huu mchezo.

— Ngoja kwanza, dada…

— Niache, Luc.

Akatoka. Wakasikia anaita pikipiki:

— Motari! Nipeleke Murara!

Ernestine akaisukuma kadi ya upanga mpaka kwenye vidole vya mdogo wake.

— Evariste, unaniona mujinga?

— Yaya, sijui unasema nini.

— Mutu usiyemupenda ungemupa kitu siku moja, hata kwa kukosea. Huyu unamukwepa kama makaa. Nilijua tangu zamani.

— Na mama?

— Mama ananiuliza kila juma. Namujibu sijui. Nimechoka kusema uongo kwa ajili ya mwanaume anayeniogopa.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na robo. Evariste akampigia mama yake, akaiweka simu juu ya meza, sauti inje wote wasikie.

— Alo! Evariste wangu, umekula?

— Mama, nataka kuoa. Anaitwa Igihozo.

— Nani?

— Igihozo. Ni wa Rutshuru, wanakaa Murara.

— Ukienda kwa hao, usiseme mimi nimekutuma.

— Sitasema hivyo, mama. Nitasema nimejituma.

Simu ikakatwa. Ernestine alikuwa ameshavaa viatu.

Kule Murara walimkuta Muzee Ntirenganya, baba yake Igihozo, mlangoni, simu mkononi, anatafuta namba ya Jephté. Nyuma yake Igihozo, macho mekundu.

— Muzee, tafadhali usipige kwanza, akasema Evariste, anahema.

— Wewe ni nani?

— Evariste, muzee. Mutoto wa Butembo. Nimekuja kwa ajili ya Igihozo.

— Jephté alikuja na wazee watano. Wewe umekuja na nani?

— Na yaya wangu.

— Mama yako anasema nini?

Ernestine akafungua kinywa kulainisha neno. Evariste akamtangulia.

— Amekataa. Sikuja kukudanganya.

Muzee akamtazama toka kichwani mpaka kwenye vumbi la viatu.

— Umemujua mutoto wangu tangu lini?

— Mwaka muzima.

— Na siku zote hizo ulikuwa wapi?

— Nilikuwa naogopa, muzee. Nilimuogopa kila mutu isipokuwa yeye. Njo maana yeye peke yake njo niliyemuumiza.

Igihozo akasogea.

— Mama yako ulimwambia jina langu?

— Mara mbili. Yaya alisikia.

— Alisema, akathibitisha Ernestine. Na mimi nilitetemeka kumushinda.

Muzee akaitia simu mfukoni.

— Jephté nitamujibu mimi. Mama yako utamujibu wewe: kesho, keshokutwa, mpaka asikie. Mutoto wangu haingii nyumba ya watu kwa dirisha.

— Ndiyo, muzee.

Igihozo akampita baba yake, akaburuta benchi kutoka sebuleni mpaka inje kabisa, kando ya njia, majirani wanapopita.

— Kaa.

— Hapa? Watu wote wanatuona.

— Ndiyo, hapa hapa, Evariste.

Akaketi.