Dakika ya Kimya ya Papa Tshibangu

Jumatano shule za Brussels hufungwa mchana, na kwa Rolande Numbi hakukuwa na siku tamu kuliko hiyo. Alikula harakaharaka jikoni kwao, Schaerbeek, akatia glavu yake mkobani, akapanda tramu na rafiki yake Anaïs hadi Laeken. Huko, nyuma ya safu ya nyumba za matofali, kulikuwa na uwanja mdogo wa besiboli. Timu ya wakubwa ilicheza ligi ya chini, na watazamaji wake walikuwa wazazi, mbwa wao, na wazee wasio na haraka. Lakini watoto waliupenda uwanja ule kupita kiasi.

Rolande alikuwa na miaka kumi na miwili. Alijua kupiga mpira kwa gongo, na alijua kusema zaidi ya kupiga. Mdomo wake haukuwa na likizo! Ndiyo maana, mwaka ule wa 2014, klabu ilipoandaa sherehe ya kuwashukuru watu walioufanya uwanja uwepo, Kocha Hamisi alimwita yeye. Kocha alikuwa Mtanzania wa Tanga, na Kiswahili chake kilichonyooka kiliwachekesha watoto wa Kikongo.

"Rolande, wewe utamsemea Papa Tshibangu," alisema. "Utazungumza mbele ya watu, halafu tutafunua kibao chenye jina lake. Nenda nyumbani kwao, si mbali na kwenu. Muulize mke wake, Maman Alphonsine. Yeye ndiye mwenye hadithi zote."

"Sawa, kocha. Nitaenda."

Rolande alimjua Papa Tshibangu kwa picha tu. Ilitundikwa ndani ya kibanda cha klabu, kubwa, ya zamani alipokuwa bado mnene, imezungushiwa maua ya plastiki. Sasa, katika kila nyumba ya Wakongo aliyowahi kuingia, picha kubwa yenye maua ni ya mtu aliyekwisha kufa. Hata babu yake alikuwa sebuleni kwao hivyohivyo, na maua yake. Basi Rolande hakuona haja ya kuuliza. Maskini, mzee ameshafariki, alijisemea, ndiyo maana natumwa kwa mjane wake.

Je, alikwenda? Thubutu! Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha. Iliyofuata ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Anaïs. Halafu, tuseme ukweli, hakutaka tu. Nyumbani kwa mjane watu hukaa kimya, mama analia, na mtoto hajui aangalie wapi. Kila siku alisema kesho.

"Rolande, ulishafika kwa Maman Alphonsine?" kocha aliuliza siku moja wakikusanya mipira.

"Ndiyo, kocha. Alinipokea vizuri sana."

"Alikupa chai?"

"Chai na beignets, kocha. Za moto."

"Safi! Nilijua wewe ni mtu wa kutegemewa."

Zile beignets, maandazi ya Kikongo, zilitoka mdomoni bila hata kusukumwa. Kitu kidogo kilimchoma Rolande kifuani, lakini Anaïs alikuwa anamwita, akakimbia.

Maneno yenyewe hayakumpa taabu. Alikuwa amehudhuria matanga mengi na wazazi wake, akawasikia wakubwa wakiwasifu marehemu. Alichukua sentensi hapa na pale, akazishona pamoja, akaona zimependeza.

Jumapili ya sherehe, mama yake, Maman Marie-Claire, alivaa kitenge kipya. Alifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya Etterbeek, na alikuwa ameomba sana ili abadilishiwe zamu. Kila aliyekaa karibu naye aliambiwa, "Ule atasema pale mbele, njo mutoto yangu," yaani ndiye mwanawe. Wageni wa heshima walikaa viti vya mbele. Miongoni mwao alikuwapo mzee mwembamba mwenye kofia nyekundu ya klabu, na kando yake maman mmoja mwenye kilemba kikubwa. Rolande aliwaona, akawapita kwa macho.

Alipanda jukwaani, akazungumza Kifaransa kwa sauti ya huzuni.

"Papa Tshibangu ametutangulia kwa Mungu," alisema. "Alituacha mapema, tukiwa bado tunamhitaji."

Watu walitazamana. Rolande alidhani wameguswa, akapandisha sauti.

"Naomba tusimame wote. Dakika moja ya kimya, kwa ajili ya roho yake."

Watu walisimama. Wengine walisimama kwa sababu jirani zao wamesimama. Mzee wa kofia nyekundu alitega sikio, akamuuliza mkewe kitu, hakujibiwa. Masikio yake yalikuwa yamechoka zamani. Alipoona umati wote uko wima, naye akaegemea fimbo yake, akainuka polepole, akavua kofia, akainamisha kichwa. Papa Tshibangu alisimama kwa heshima kujiombolezea mwenyewe.

"Mungu wangu!" Maman Alphonsine alipiga kelele. "Papa Tshibangu njo huyu! Iko hapa, iko muzima, asubuhi amekula mikate na chai! Nani amewaambia amekufa?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akanyamaza. Kocha Hamisi alifika mbio.

"Samahani sana, maman. Labda mtoto hakuelewa vizuri siku ile alipokuja kwenu."

"Kwetu? Alikuja lini?"

"Si ulimpokea? Ukampa chai na beignets?"

"Huyu mutoto? Sijamuona hata siku moja! Na beignets ya nani? Tangu docteur alikataza bwana yangu mafuta, sipikake beignets!"

Macho yote yalimgeukia Rolande. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ule mdomo usio na likizo haukupata hata neno moja. Alimtafuta mama yake. Maman Marie-Claire alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, anatazama chini.

"Twende," Maman Alphonsine alimwambia mumewe, akimshika mkono. "Kumulilia muntu muzima ni kumuitia kifo. Kibao yenu, mubaki nayo."

Mzee aliondoka naye, kofia ingali mkononi, bila kuelewa lolote. Kibao chake kilibaki kimefunikwa kitambaa.

Ndani ya tramu Rolande alimweleza mama habari ya ile picha yenye maua. Nyumbani mama alivua viatu, akaketi.

"Uso yangu nitaiweka wapi, Rolande? Ile ya picha, bon, ni kosa ya kitoto, naweza kuelewa. Lakini beignets? Beignets uliitoa wapi?"

Rolande alianza kulia. "Maman, tafadhali, kocha aende kutuombea msamaha."

"Kocha njo alisema uongo?"

"Hapana, maman."

"Alors, ni weye utaenda."

Jumatano iliyofuata Rolande hakwenda mazoezini. Alisema tumbo linamuuma, na safari hiyo haukuwa uongo kabisa. Shuleni, kijana mmoja wa timu alipomwona alivua kofia, akainamisha kichwa, na wenzake wakaangua kicheko. Anaïs aliwafokea. Rolande alikimbilia chooni, akajifungia. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kicheko. Kila alipofumba macho alimwona yule mzee akiinuka kwa fimbo yake, mnyenyekevu, anamheshimu marehemu asiyemjua.

Jumamosi alivaa koti, akatoka peke yake. Mlangoni pa jengo walimokaa akina Tshibangu kulikuwa na vitufe vya kengele, kila kimoja na jina lake. Aliliona jina la Tshibangu. Aliinua kidole, akakishusha. Mwanamke mmoja alipita na mbwa, Rolande akajifanya anafunga kamba za viatu. Mwishowe alifumba macho, akabonyeza.

"Ni nani?" sauti iliuliza kutoka kwenye kipaza sauti cha mlango.

"Ni mimi, maman. Mtoto wa besiboli."

"Ule wa matanga?"

"Ndiyo, maman," alijibu, na machozi yakamlengalenga.

Mlango ulifunguka.

Papa Tshibangu alikuwa ameketi karibu na dirisha. Maman Alphonsine alisimama, mikono kiunoni. Rolande alijiinamia, akasema kwa sauti ndogo, "Papa, nilisema uongo."

"Unasema nini?"

"Nilisema uongo, papa."

"Zaidi, mutoto. Masikio haitumike tena."

"NILISEMA UONGO!" Rolande alipaza sauti. "NILITUMWA KUJA HAPA, SIKUJA! NILIMWAMBIA KOCHA NIMEKUJA! NILIDHANI UMEKUFA, NA SIKUULIZA!"

Mbwa wa ghorofa ya chini alianza kubweka. Jengo zima sasa lilijua. Rolande alijifunika uso kwa mikono, na aliposikia sauti ya ajabu alichungulia kati ya vidole. Mzee alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika.

"Nani amekuleta?" aliuliza.

"Nimekuja mwenyewe."

"Ulipiga kengele weye mwenyewe? Haukutuma mama?"

"Mwenyewe, papa."

Mzee aliacha kucheka. Alimwonyesha kiti.

"Kaa. Ile ulitumwa kuuliza, uliza sasa."

Rolande aliuliza, na mzee akaeleza polepole, mkewe akimsahihisha kila alipokosea. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, uwanja ulikuwa bado mpya na hauna wavu mrefu. Mipira iliruka ikavunja madirisha ya majirani. Watu wakakasirika, wakataka uwanja ufungwe. Papa Tshibangu alikuwa fundi vioo tangu Lubumbashi. Akasema, mimi nitaweka vioo vipya, lakini kwa sharti moja. Mtoto aliyevunja aje nami, apige kengele mwenyewe, aseme ni mimi.

"Walikuwa wanatetemeka kama weye leo," alisema. "Lakini majirani walianza kuwajua kwa majina. Wakaanza kuwapa maji, kuwauliza habari za shule. Donc, siku ya kuamua kufunga uwanja, ni majirani wenyewe walikataa. Kioo unaweza kununua popote. Ule mutoto mwenye kupiga kengele, unamununua wapi?"

Rolande alilia upya. Hadithi hii yote ilikuwa hapa, ikimngoja na chai, wakati yeye anasema kesho.

"Na mimi?" Maman Alphonsine aliuliza. "Umenifanya mujane mbele ya bantu wote!"

Rolande alipiga magoti. "Nisamehe, maman. Nimekukosea sana."

Maman Alphonsine alimwinua. Kisha akavuta kiti na kukisogeza mezani.

"Bon. Kunywa chai. Beignets hakuna."

Kesho yake, Jumapili, kabla ya mechi, Papa Tshibangu alikuja uwanjani kama alivyomwahidi Rolande, na kofia yake nyekundu, mkewe kando. Rolande alisimama tena mbele ya watu.

"Juma lililopita sikumsemea Papa Tshibangu," alianza. "Nilitumwa kwake, sikwenda, nikadanganya kwamba nimekwenda. Niliona picha yake yenye maua, nikadhani amekufa." Mtu alikohoa, mwingine akacheka. Rolande aliendelea. Akaeleza habari za vioo na za kengele, na kadiri alivyoeleza, kicheko kilikwisha. Kibao kilipofunuliwa, mzee alirusha mpira wa kwanza. Haukufika hata nusu ya njia, lakini makofi ya watu yalisikika hadi barabarani.

Baadaye, ndani ya kibanda, Kocha Hamisi alimwita Rolande chini ya ile picha.

"Sikiliza, binti yangu. Kudanganywa na picha kungempata yeyote. Lakini siku ile nilipokuuliza, kama ungejibu sijaenda, aibu yako ingekuwa kati yangu na wewe, na ingekwisha jioni ileile. Wewe uliificha. Ikakua humohumo, mpaka ikawafika watu wasio na kosa. Ukikosa, sema mapema, na useme mwenyewe."

"Ndiyo, kocha." Rolande alitazama picha. "Kocha, haya maua aliyaweka nani?"

Kocha alijikuna kichwa. "Niliyaweka mimi. Niliona yanapendeza."

"Maman Alphonsine anajua?"

"Hajui. Amekuwa akiuliza juma zima kwa nini ulidhani mumewe amekufa, nami nanyamaza."

Rolande alimgeukia kocha. Alimtazama tu. Nje, Maman Alphonsine alikuwa anamfunga mumewe skafu. Kocha Hamisi alivuta pumzi, akayatoa maua kwenye picha, akavua kofia, akaenda mwenyewe kumwambia.